Kona ya nyuzi 155: namna ya kuipima kwa miguu uwanjani

Nafundisha fizikia sekondari hapa Dodoma. Kila mwaka tukifika mada ya mwendo naulizwa: waliodondosha bomu la Hiroshima, mbona wao walipona? Jibu ni kona kali ya nyuzi 155 ambayo rubani aliikata mara tu baada ya kuliachia bomu, nasi tunaitembea uwanjani. Nendeni asubuhi, kabla upepo haujaanza kurusha vumbi.

Hatua ya 1. Simameni usawa wa katikati ya uwanja wa mpira, karibu na mstari wa pembeni wa kushoto, mchore njia ya ndege kwa majivu. Meta 1 iwe meta 200 za kweli. Enola Gay, ndege iliyodondosha bomu hilo, ilikwenda karibu kilomita 530 kwa saa. Kwa kipimo chetu ni sentimeta 73 kwa sekunde, mwendo wa mtu asiye na haraka.

Hatua ya 2. Wanafunzi wawili, ndege na bomu, waanze pamoja kwenda mbele. Msiharakishe hapa. Wengi hudhani bomu likiachiwa hubaki nyuma, kumbe linaanguka huku likisonga mbele kwa kasi iliyotoka kwenye ndege. Rubani asipokata kona, litalipuka karibu chini yake kabisa, kama kilomita 9 tu.

Hatua ya 3. Rudini mwanzo. Kulia kwa njia, pigeni kigingi chenye kamba ya katani ya meta 6 na nusu. Bomu aende mbele, asimame sekunde ya 43, ndipo lilipolipuka. Ndege ashike kamba ikiwa imekaza, azunguke nyuzi 155, aiachie na kunyoosha. Ukisimama alipo bomu unaona mgongo wake mtupu. Kwa nini si 180? Kona yenyewe imeshamsogeza pembeni meta 12. Akirudi sambamba na njia aliyojia, hakimbii mbali kwa mstari mfupi kabisa. Hesabu hii huwa inanifurahisha kila mara.

Hatua ya 4. Mwanga hufika papo hapo. Wimbi la mshindo ni mwanafunzi wa tatu: atoke kwa bomu kwa meta 1.7 kila sekunde, amfukuze ndege. Uwanja hauna kimo, kwa hiyo atamkuta mapema kidogo. Agosti 6, 1945 lilimkuta rubani Paul Tibbets akiwa kama kilomita 18.5, likafuatwa na la pili lililodunda ardhini. Hapa naomba wasicheke: aliposimama bomu palikuwa na mji wenye watu.

Mkimaliza, mpeni bomu parachuti, yaani asimame mapema na asubiri muda mrefu zaidi. Ndivyo Warusi walivyofanya Oktoba 30, 1961: bomu la megatani 50 (nguvu ya tani milioni 50 za baruti ya TNT) lilipolipuka, ndege ya rubani Andrei Durnovtsev, iliyopakwa rangi nyeupe ya kurudisha mwanga, ilikuwa karibu kilomita 40 mbali.