Maandamano yakipoa, ifuate bajeti ya jiji

Maandamano ya kudai haki za watu weusi Marekani huvuma wiki chache, kisha barabara hubaki tupu. Bajeti ya polisi inaendelea. Minneapolis, kwa mfano, meya hutoa rasimu Agosti na baraza huipitisha Desemba. Ukijitokeza kwenye kikao cha baraza Desemba, mengi yameshaamuliwa. Nenda Septemba au Oktoba. Miji mingi mwaka wake wa fedha huanza Julai, hivyo huko wahi Machi au Aprili.

Shika kifungu kimoja tu, mathalani malipo ya saa za ziada za polisi, ukifuatilie mwaka mzima; mshika mawili moja humponyoka. Muda wa kusema kikaoni huwa dakika 2 au 3. Kwa dakika 2 andaa maneno 250 hivi: kifungu, kiasi, unachotaka kibadilike. Salamu ndefu humaliza muda. Baadaye mtumie diwani wako maneno hayohayo kwa barua pepe.

Kusema kikaoni kwa kawaida hakuhitaji uraia. Kujiandikisha kupiga kura kunauhitaji karibu kote, na fomu zake huweza kuwekwa meza moja na za wanaharakati. Kama si raia, usijaze hata ukibembelezwa: inaweza kukufukuzisha nchini.