Paka Si Mbwa Mdogo, Wala Si Mtu

Tuanze na nusu kidonge, maana ndiyo inayomaliza paka wa watu. Paka anachechemea saa nne usiku, kliniki imefungwa, na ya dharura inatoza zaidi kuliko ya mchana. Unatuma video kwenye kundi la familia, na mjomba anajibu hata hujaweka simu chini: "Mpe nusu panadol, atalala."

Mjomba hana nia mbaya. Ameona mnyama ni mdogo, ndiyo maana kasema nusu. Hebu tupige hesabu. Kidonge cha kawaida cha parasetamoli, ndiyo hiyo panadol, kina miligramu 500. Nusu yake kwa paka wa kilo 4 ni miligramu 60 na ushee kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 70 akimeza vidonge viwili vizima anapata kama 14. Hiyo "nusu" basi imezidi dozi ya mtu mzima zaidi ya mara nne, tena ndani ya mnyama ambaye ini lake halina kimeng'enya cha kutosha cha kuitoa mwilini. Inayobaki inageuka sumu na kuharibu chembe nyekundu za damu, na damu inashindwa kubeba oksijeni.

Mfunue mdomo wa juu umtazame fizi. Zinatakiwa ziwe za waridi. Zikiwa za kahawia au zina ubuluu, naye anadondosha udenda, anahema mbio, uso na nyayo zimevimba, hali imeshakuwa mbaya. Dawa ya kuzima sumu hiyo ipo, inaitwa asetilsisteini, lakini inafaa zaidi ikianzwa mapema. Kwa hiyo kama ameshameza, usikae kusubiri dalili. Nusu haifai, robo haifai. Ibuprofeni na diklofenaki nazo usiguse, kwa paka wala kwa mbwa: zinachimba vidonda tumboni na kuua figo.

Mtego wa pili unauzwa dukani peupe. Nchi hizi za ughaibuni tunakoishi zina kanuni ya kila kitu, hata siku ya kutoa taka, lakini dawa ya viroboto ya mbwa unaweza kuikuta rafu moja na biskuti zake, na hakuna anayekuuliza nyumbani una mnyama gani. Baadhi ya zile za matone ya shingoni zina permethrini, sumu ya wadudu, mara nyingine asilimia 45 au zaidi. Mbwa anaivumilia. Paka inamtia degedege. Watu husema, "Nitamwekea matone mawili tu, si mdogo?" Hayo mawili yanatosha. Masikio yanaanza kuchezacheza, ngozi inatetemeka, kisha mwili mzima. Huanza baada ya saa chache, lakini pengine huchelewa hadi siku ya tatu, wakati umeshasahau uliweka nini.

Ukiwa umekosea, mwoshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya kuoshea vyombo, umkaushe kwa taulo, umfunike, uende naye kliniki. Maji ya moto yanaongeza damu kwenye ngozi na dawa inazidi kuingia. Ya baridi yanamshusha joto na mtetemo unazidi. Na kama una mbwa na paka nyumba moja, usimpake mbwa dawa hiyo kabisa. Paka humlamba mwenzake, au hulala pale alipolala. Mwombe daktari dawa isiyo na permethrini.

Sumu yoyote iwayo, usimtapishe kwa chumvi. Chumvi yenyewe ni sumu. Maziwa na mafuta hayazimi kitu, na mafuta yakipalia yanaingia mapafuni. Piga simu kliniki ukiwa na mambo manne: uzito wa mnyama, jina la dawa, kiasi, na saa aliyokula. Beba pakiti.

Halafu sema kweli. Wengi wetu huona haya mbele ya daktari, tukisema "labda amekula kitu nje", kwa kuogopa tutaonekana washamba au tutashtakiwa. Daktari ameshawaona wenyeji waliofanya vilevile. Ukimficha, anapoteza saa nzima kwa vipimo vya damu ambavyo utavilipia wewe.

Mengine kwa ufupi. Chanjo, chipu ya utambulisho na dawa ya minyoo: fuata ratiba ya kliniki. Bima: kata kabla mnyama hajaugua, kwa sababu kilichoandikwa kwenye faili kabla ya bima kuanza kwa kawaida hawakilipi. Maua ya yungiyungi (lily) yasiingie ndani kama una paka. Hata chavua aliyoilamba kwenye manyoya inaweza kuua figo. Dume la paka linaloingia na kutoka kwenye sanduku la mchanga bila kukojoa si tatizo la choo kigumu: njia ya mkojo imeziba, na hilo halingoji asubuhi.

Unene je? Hapo wenyeji wasikufundishe. Bakuli la wanyama wao halikauki kutwa, kisha wanashangaa mbwa hapandi ngazi. Pitisha vidole ubavuni: mbavu uzihisi bila kubonyeza.

Na shangazi akija kukutembelea, mkoba wake usikae sakafuni. Mna vidonge vyake vya presha, na mna bazoka isiyo na sukari. Ile yenye zailitoli, kitia utamu ambacho kwenye pakiti huandikwa pia E967, inaweza kumshusha mbwa sukari ya damu ndani ya nusu saa. Shangazi atasema mbwa wa kufungua zipu hajawahi kumwona. Utundike juu hivyo hivyo.