SOMO: Bustani ya mvua inaandaliwa sasa hivi, mwezi wa tisa (wa Tabora na Kigoma someni kabla ya kuuliza)

Habari za jua wadau. Kila mwaka joto likianza kupanda hivi na miembe ikianza kubeba, simu yangu inajaa swali moja, "mama, mvua ikianza nipande nini na nianzeje", na wengine wananiuliza mwezi wa kumi na mbili majani yameshawafika magotini. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwahiyo leo naweka yote hapa na mkiniuliza tena nawaleta huku.

Kikubwa ni hiki: mvua yetu huku Tabora ni msimu mmoja, kuanzia Novemba mpaka Aprili, na ikishaanza unakimbizana na mahindi shambani, bustani ya nyumbani utaikumbuka ikiwa pori. Halafu hili jua la Septemba na Oktoba mnalolilalamikia ni dawa ya udongo ya bure kabisa, ukiliacha lipite hulipati tena mpaka mwakani.

Hatua ya 1. Vuna vilivyobaki, mchicha wa mbegu acha miwili mitatu iliyo mizuri ikomae, kata mashuke, anika kivulini.

Hatua ya 2. Mabaki na MIZIZI. Hapa naomba msome taratibu maana hapa ndipo nilipoumia.

Kiwanja changu kabla sijanunua kilikuwa cha tumbaku. Nikalima nyanya za kiangazi, zikawa mchana zinanywea, jioni zinaamka, mimi nadhani ni kiu nikaongeza maji. Msimu ulipoisha nikafyeka juu tu, mizizi nikaiacha chini, nikalimia humo humo nikijua itaoza iwe mbolea. Novemba nikapandikiza miche 200, nyanya na bilinganya. Kufika Januari imedumaa yote, majani ya njano, matunda kama gololi. Nikang'oa mche mmoja nikausuuza kwenye beseni, mizizi imevimba vifundo vifundo kama tangawizi changa, hakuna nywele za mizizi za kunyonya maji. Nikapasua fundo moja kwa wembe, ndani kuna vidoti vyeupe vinang'aa, vidogo kama punje ya chumvi. Hao ni majike ya minyoo fundo, minyoo midogo sana inayoishi ndani ya mizizi, na kila mmoja anataga mayai kwa mamia. Nilikaa chini pale pale kwenye tuta, miche 200 niliyoibeba kwa mikono yangu nikaanza kuing'oa.

Sasa shikeni hili: tumbaku, nyanya, bilinganya, nyanya chungu na pilipili ni ukoo mmoja, anayemla huyu anamla na yule, na bamia na matango nayo anayapenda. Udongo wetu wa kichanga ndio anaoutaka kwasababu anatembea humo kirahisi. Kwahiyo:

- Ng'oa kila shina na mizizi yake kwa JEMBE. Ukivuta kwa mkono mizizi inakatikia chini na huko ndiko minyoo ilikobaki.
- Ianike juani juu ya bati kuukuu mpaka ikauke kabisa, halafu choma. USITUPE kwenye shimo la mboji, utakuja kuirudisha bustani nzima kwa toroli.
- Lima kina cha jembe zima, usivunje madongoa, acha jua liingie. Baada ya wiki mbili geuza tena, na wiki mbili nyingine tena, ziwe mara tatu. Katikati hapo usimwagilie hata kopo moja, shida yako ni kuikausha minyoo na mayai yake.
- Ukishaona vifundo, eneo hilo msimu unaokuja panda karanga. Mimi nilipanda karanga misimu miwili ndio nikarudisha nyanya.
- Jembe la kuazima lioshe kabla halijaingia kwako. Tope la kwenye jembe linatosha kukuletea mgonjwa.

Hatua ya 3. Samadi iliyooza, naweka debe moja kwa kila mita ya mraba na naichanganya na udongo wiki mbili kabla ya kupanda. Kujua imeiva, choma kijiti katikati ya lundo, kiache dakika kadhaa, ukichomoa kikiwa cha moto bado hiyo.

Hatua ya 4. Matuta. Kiangazi tulizamisha vitanda ili maji yabaki, sasa tunageuza, tunainua. Upana mita 1 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, kimo sentimita 20 hadi 30, na yakingame mteremko.

Hatua ya 5. Kitalu. Sehemu ya kitalu imwagilie mara moja ilowe, ifunike na nailoni inayopitisha mwanga, kandamiza pembeni zote kwa udongo, iache wiki 4 hadi 6. Joto litakalokuwa humo ndani linaua vimelea, minyoo na mbegu za magugu za juu juu. Ikitoboka ziba siku hiyo hiyo. Nyanya sia katikati ya Oktoba, inachukua kama wiki nne, pilipili inachelewa zaidi kwahiyo itangulize. Sia kwa mistari, usimwage mbegu kama unalisha kuku, maana miche ikibanana na ukamwagilia jioni ikalala na maji ndio kinyausi kinaingia, asubuhi unakuta imelala chini imeoza shingo. Wiki ya mwisho punguza maji na ondoa kivuli ikomae.

Hatua ya 6. Usidanganywe na mvua ya kwanza. Inanyesha siku mbili watu wanakimbilia dukani kununua mbegu, halafu inakata wiki mbili nzima. Chimba kishimo, unyevu ukifika shubiri moja kwenda chini ndio upandikize.

Hatua ya 7. Matandazo weka mvua ikishakolea, ukiweka nyasi kavu sasa hivi unawaalika mchwa.

Nimemaliza, ulizeni.

mkulima_mpya: Somo zuri sana mama. Sasa mimi nipo Urambo, mvua ikianza nipande nini na nianzeje?

Mama Matuta: Rudi juu, anzia Hatua ya 1.

mkulima_mpya: Nimeona ni ndefu nikajua hapa utanifupishia

Mama Matuta: Ufupi ni huu, chukua jembe ukang'oe mizizi leo. Mengine soma.

boda_na_bustani: Kwani hakuna dawa ya kupiga hao minyoo? Kulima mara tatu nani ana muda huo

Mama Matuta: Dawa za udongo zipo na ni sumu kali, kwa bustani ya mboga unayochuma mlangoni watoto wako wale sikushauri. Muda wa kulima mara tatu ni asubuhi tatu tu. Mimi nilipoteza msimu mzima.

kijana_wa_nzega: Shikamoo mama. Nimesoma nikaenda kung'oa maharage yangu ya kiangazi kuangalia, nimekuta mizizi ina vifundo vingi. Ni hao hao? Niyachome?

Mama Matuta: Marahaba mwanangu, na umefanya vizuri sana kuangalia kabla ya kuchoma. Maharage, kunde na karanga zina vifundo vyake vya heri, vinakaa na bakteria wanaoutengenezea mmea naitrojeni kutoka hewani. Kuvitofautisha usuuze mzizi kwanza, halafu shika kifundo usugue kwa kidole gumba. Cha heri kimening'inia pembeni ya mzizi, kinabanduka kirahisi, ukikipasua ndani kina wekundu kama nyama. Cha minyoo ni mzizi wenyewe ndio umevimba, ukitaka kukitoa lazima ukate mzizi. Angalia kadhaa maana maharage nayo minyoo inayala, unaweza ukakuta vyote viwili kwenye shina moja. Kama ni vya heri kata juu, mizizi iache ardhini, hiyo ni mbolea.

kijana_wa_nzega: Vimebanduka na ndani vyekundu!! Asante sana mama

Mama Matuta: Basi hapo weka mchicha au sukuma mvua ikianza, utaona majani yatakavyokuwa meusi.

mdau_kasulu: Mama huku kwetu mvua inaanza Oktoba, hizo tarehe tunazifuataje? Na udongo wangu ni mwekundu unashikana, siyo kichanga.

Mama Matuta: Rudisha kila kitu nyuma kama wiki nne ndugu yangu, kitalu chako sia wiki hii, nailoni kwa mwaka huu umeshachelewa. Kwa udongo unaoshikana minyoo hii haisumbui sana kama huku, wewe ogopa maji kutuama, matuta yako yainue zaidi na uchimbe mfereji wa kutolea maji. Ukiona mche wa nyanya umenyauka ghafla ukiwa bado kijani, kata kipande cha shina kiweke kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa. Vikishuka vijiuzi vyeupe kama maziwa, huo ni mnyauko bakteria, ung'oe na udongo wake uupeleke mbali.

mzee_wa_uyui: Haya mambo yote ya nini. Bibi yangu alilima maisha yake yote hakuwahi kufunika udongo na nailoni na alikula vizuri.

Mama Matuta: Bibi yako namheshimu na wa kwangu alilima hivyo hivyo. Lakini wao walilima sehemu miaka michache, udongo ukichoka wanahamia pori jipya, kule nyuma panapumzika mpaka miti inarudi. Minyoo mingi ilikufa kwa njaa. Mimi nina kiwanja cha 20 kwa 30, nahamia wapi?

mzee_wa_uyui: Hapo nimekuelewa.

shamba_letu: Naongezea kidogo, vidukari kwenye sukuma mimi naloweka majani ya tumbaku usiku mzima nachuja napulizia, wanaisha wote.

Mama Matuta: Wanakufa kweli, ila chunga mambo mawili. Hayo maji ni sumu hata kwako, usishike mikono mitupu na usichume mboga za kula karibu na kupulizia. La pili, usipeleke kwenye nyanya wala pilipili, tumbaku inabeba batobato, ule ugonjwa wa virusi wa mabaka kwenye majani, na inahamia kwa mikono. Hata aliyetoka kufunga tumbaku au kuvuta sigara aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche. Kwa nyanya tumia mwarobaini.

shamba_letu: Duh, ndio maana nyanya zangu za mwaka jana majani yalikuwa na mabaka mabaka yamejikunja

Mama Matuta: Inawezekana, ingawa kujikunja kunaletwa pia na inzi weupe. Ukiyaona tena piga picha unitumie, chini ya jani na juu.

dada_wa_ipuli: Mimi sina nafasi ya kitalu, nanunua miche sokoni. Nitajuaje haina minyoo?

Mama Matuta: Nenda na kopo la maji dada. Nunua mche mmoja kwanza, usuuze mizizi hapo hapo mbele ya muuzaji, uinue juani. Ikiwa myeupe, laini, imenyooka kama nyuzi, chukua yote. Ukiona hata kifundo kimoja, mrudishie na umweleze kwa upole, huenda hata yeye hajui.