Kunoa Tahajia na Msamiati wa Kiswahili: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Sekondari, Mwanza

Mwanafunzi wa sekondari jijini Mwanza husomeshwa masomo mengi kwa Kiingereza, na nje ya vipindi vya Kiswahili lugha hii huiandika zaidi katika ujumbe wa simu, ambako maneno hukatwakatwa. Tahajia yake haitengemai kwa kukariri orodha ndefu za maneno, bali kwa kujua sikio lake linapotezwa na sauti zipi.

Kwa wengi waliokuzwa katika Kisukuma, tatizo kubwa ni l na r, nalo si dogo, kwa kuwa hubadili maana: fahali ni ng'ombe dume, fahari ni utukufu, mahali si mahari, na kura si kula. Wengine hudondosha h wakaandika "uyu" badala ya "huyu", au huandika z panapostahili dh, na dhana ikageuka zana. Pitia insha zako zilizosahihishwa, utafute kosa linalojirudia, kisha utamke jozi za maneno yenye sauti hizo na kuzitungia sentensi.

Baada ya hapo fanyeni imla wawili wawili. Mmoja asome aya ya gazeti yote, airudie kwa vifungu vifupi mwenzake akiandika, kisha aisome tena yote bila kukatisha. Aliyeandika ndiye alinganishe kazi yake na gazeti, wala asisahihishiwe. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kosa ulilolivumbua mwenyewe huwa vigumu kulisahau. Angalieni pia mipaka ya maneno: "kwa sababu" na "kwa hiyo" hutenganishwa, ilhali "sijamwona" ni neno moja.

Kamusi huachwa na wengi kwa kuwa hawaoni neno wanalolitafuta. Kitenzi kivue viambishi kwanza: "walivyotengenezewa" kitafute kwenye "tengeneza". Nomino itafute kwa umoja wake, yaani nyavu kwenye "wavu" na meno kwenye "jino".

Msamiati nao uko karibu kuliko mnavyodhani. Anayefika soko la samaki la Mwaloni Kirumba akasikiliza wavuvi na wachuuzi atakutana na sangara, sato, furu, karabai za kuvulia dagaa usiku, na kokoro, wavu wa kukokota ambao sheria imeupiga marufuku. Andika kila neno pamoja na maana yake na sentensi uliyoitunga mwenyewe, kisha ulikuze: kutoka "vua" upate mvuvi, uvuvi na vulia, na kutoka "anika" upate anikia na anikwa. Kwa kuwa baadhi ya maneno ya mwaloni ni ya kienyeji, yahakiki kwenye kamusi kabla ya kuyapeleka kwenye mtihani, na yale yaliyothibitika uyatumie katika insha ya wiki hiyohiyo, kabla hayajapoa.