Kabla ya Kununua Fimbo Mpya za Gofu

Kuna kipindi ambacho karibu kila anayejifunza gofu hukipitia. Mpira umeanza kupaa. Fimbo namba 7 inatii mara nyingi kuliko inavyokaidi, na zile fimbo za kuazima au za kurithi ulizoanzia zinaanza kuonekana kwamba ndizo zinazokurudisha nyuma. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu huingia dukani akatoka na seti nzima inayong'aa, na miezi michache baadaye bado anazitumia nne au tano tu, nyingine zinasindikiza safari ndani ya begi. Fimbo nzuri humsaidia sana mchezaji anayeinukia, lakini humsaidia pale inapoziba pengo analolijua. Upya peke yake haushushi handikapu ya mtu, yaani mipigo anayopunguziwa kulingana na kiwango chake.

Kwa hiyo anza na daftari. Nenda uwanja wa mazoezi asubuhi, kabla upepo haujaamka, upige mipira kumi kwa kila fimbo uliyo nayo. Weka kando miwili iliyotoka vizuri kupita kawaida yako na miwili iliyoharibika, kisha hesabu hatua hadi ile sita iliyobaki ilipodondoka. Hesabu hadi ilipodondoka, usiende hadi ilipoviringika ikasimama. Andika. Ukimaliza, utaona mambo ambayo hakuna muuzaji angekuambia: pengine namba 4, 5 na 6 zote zinatua mahali pamoja, halafu kati ya weji zako mbili, zile fimbo za mipigo mifupi ya kuinua mpira, kuna mita 40 ambazo huna fimbo ya kuzifikia. Kwa kawaida fimbo moja hadi nyingine inatakiwa kupishana mita 10 hivi. Panapopishana zaidi sana, hapo ndipo pesa yako inahitajika. Pasipopishana, una fimbo ya ziada.

Ukishajua mapengo yako, usiamini namba iliyochongwa kwenye soli, yaani upande wa chini wa kichwa cha fimbo. Kinachoupeleka mpira ni mlalo, yaani pembe ambayo uso wa fimbo umeegemea nyuma. Zamani namba 7 ilikuwa na mlalo wa nyuzi 34 au 35. Siku hizi seti nyingi zinazouzwa kwa wachezaji wa daraja letu zina namba 7 ya nyuzi 28 hadi 30, ambayo kwa vipimo vya zamani ni namba 5 au 6 iliyobadilishwa jina. Ndiyo maana ukiijaribu dukani inakwenda mbali na unafurahi. Furaha hiyo ina gharama mwishoni mwa seti: weji ya kawaida imesimamishwa hadi nyuzi 43 au 44, huku weji ya mchanga ikibaki kwenye 56. Katikati pametoboka, na ni umbali ule ule ambao anayeanza hukutana nao kila shimo baada ya kushindwa kufika grini, pale penye nyasi fupi na tundu, kwa mipigo miwili. Ukinunua seti ya namna hiyo, uliza hapo hapo kama ina weji ya nyuzi 49 au 50. Kama haina, iweke kwenye hesabu.

Uwanja unaouchezea nao una neno lake katika ununuzi huu, jambo ambalo maelezo ya watengenezaji hayaligusi. Anayecheza Muthaiga au Karen, jijini Nairobi, yuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira husafiri mbali. Akishuka pwani, Nyali ya Mombasa au Dar es Salaam Gymkhana, na daftari lile lile, kila fimbo itamdondoshea mpira kabla ya grini. Pima pale unapocheza mara nyingi.

Halafu kuna nyasi. Nyanda za juu zina nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni huku huku Afrika Mashariki, na ambazo zilivuka bahari hadi zikawa sifa ya uwanja wa Riviera kule Los Angeles. Zikikatwa vizuri kwenye feawei, ile njia ya katikati iendayo grini, huuinua mpira kwa upole, lakini pembeni, zikiwa ndefu, hukamata shingo ya fimbo na kuupinda uso wake kabla haujaufikia mpira. Namba 3 na namba 4 za chuma humshinda hata mchezaji mzuri katika nyasi hizo. Kwangu mimi hoja hiyo inatosha kabisa kuziacha dukani, uchukue haibridi (fimbo chotara ya chuma na mbao) ya nyuzi 22 au fimbo ya mbao namba 7. Zote mbili huinua mpira bila kukudai kasi usiyo nayo.

Kwenye weji angalia uvimbe wa soli, ambao nao hupimwa kwa nyuzi. Uvimbe wa nyuzi 10 na zaidi huizuia fimbo isichimbe kwenye mchanga laini au udongo uliolowa na masika. Wa nyuzi 4 hadi 6 hufaa ardhi kavu iliyokaza. Kosa kubwa la wanaoanza ni kuchimba nyuma ya mpira, kwa hiyo kwa weji ya mchanga ningekwenda na uvimbe mkubwa, isipokuwa kama uwanja wako huwa mgumu kama sakafu mwaka mzima.

Kuhusu kichwa cha fimbo sitarefusha. Chukua kile chenye uwazi nyuma na uzito uliosogezwa pembeni. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norwei aliyeanzisha kampuni ya fimbo ya Ping, ndiye aliyeifanya njia hiyo ikubalike, na seti yake ya Eye 2 ya 1982 ilienea duniani kote. Mpira ukigongwa kando ya katikati, kichwa cha namna hii hakigeuki sana mkononi, na hasara inakuwa ndogo. Vile vichwa vyembamba vinavyopendeza macho vinamfaa mtu anayegonga katikati kila siku.

Mpini ndio unaohitaji subira. Wa chuma huwa na gramu 95 hadi 130 hivi. Wa grafaiti mara nyingi ni gramu 50 hadi 80, humwongezea kasi mwenye mwendo wa taratibu na huvipunguzia viwiko mtikisiko. Herufi za ugumu, R (wa kawaida), S (mgumu) na nyinginezo, zichukue kama kidokezo tu, kwa kuwa hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote. R ya huyu yaweza kuwa ngumu kuliko S ya yule. Mpini mgumu kupita nguvu zako mara nyingi hutoa mpira wa chini unaokimbilia kulia, kwa anayetumia mkono wa kulia. Mlaini mno huurusha juu na kuuvuta kushoto. Na dada mwenye kasi nzuri asikubali kukabidhiwa seti ya wanawake kwa sababu tu ni mwanamke. Fimbo hizo huwa fupi kwa inchi moja hivi na mipini yake ni laini sana, kwa hiyo apimwe kama mwingine yeyote.

Kupimwa kwenyewe si lazima mashine ya gharama. Simama wima na viatu vyako vya kuchezea, mikono ining'inie, mwenzako apime kutoka kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni. Kipimo hicho ndicho kinachoonyesha kama urefu wa kawaida unakutosha, kuliko kimo chako peke yake. Kisha chora mstari mnene kwa kalamu ya wino mzito kwenye mpira, uuweke mstari wima upande utakaogongwa, na upige. Wino utaacha chapa usoni mwa fimbo. Chapa ikisimama wima, mpini umekaa sawa na mwili wako. Ikiegemea upande, fundi anatakiwa kuikunja shingo ya kichwa, maana fimbo iliyosimama mno hupeleka mpira kushoto hata ukipiga vizuri. Muulize fundi kabla hujalipa kama kichwa kinakunjika: vile vya kumiminwa huvumilia nyuzi moja au mbili tu.

Muulize na kedi wako. Makedi wengi ni wachezaji wazuri kuliko sisi tunaowabebesha mabegi, na aliyekutembeza raundi kadhaa anajua ni fimbo gani unaiomba ukiwa na wasiwasi na ipi hujawahi kuitoa.

Za mitumba zina nafasi kubwa kwetu, na nyingi ni nzuri. Pitisha kucha kwenye mifereji ya uso uone kama bado ina makali, angalia kutu pale mpini unapoingia kwenye kichwa, tikisa usikie kama kuna kitu kinacheza ndani. Ukanda wa pwani chumvi hula haraka chuma kilichochunika. Mshikio uliokauka usikutishe, hubadilishwa. Bei iliyo chini kupita kiasi kwa fimbo ya jina kubwa, ambayo muuzaji anasema ni mpya kabisa, mara nyingi ina maana ya bandia. Kama unaletewa kutoka nje, uliza ushuru kwanza.

Sheria inaruhusu fimbo 14, haikulazimishi kuzijaza. Ukizidisha katika mashindano ya kuhesabu mipigo, adhabu ni mipigo miwili kwa kila shimo ulilokosea, isizidi minne kwa raundi. Vilevile huruhusiwi kuazima fimbo ya mtu anayecheza raundi yake, kwa hiyo mazoea ya kugawana begi na rafiki yaishie mazoezini.

Mwenye bajeti ndogo ningemshauri hivi: weji ya kuziba pengo kwanza, haibridi ya pili, halafu fimbo ya grini inayomtosha urefu. Hiyo ya mwisho watu huidharau, ilhali kwenye uwanja wa pa 72, yaani uliopangiwa mipigo 72, hesabu yenyewe imetenga mipigo 36 ya grini. Inama kama unavyocheza, jicho liwe juu ya mpira. Nyingi ziko kati ya inchi 33 na 35. Draiva, fimbo ndefu ya mpigo wa kwanza, isubiri, na ikifika zamu yake iwe na mlalo wa nyuzi 10.5 au hata 12.

Jambo la mwisho kabla ya kulipa ni kuomba uzijaribu kwenye nyasi. Ukichimba nyuma ya mpira kwenye mkeka wa mazoezi, fimbo huteleza na mpira unaruka vizuri, nawe unadhani ni ubora wa fimbo. Muuzaji akikubali, weka dhamana, cheza nazo mashimo tisa, na ubebe lile daftari.