VPN ya nyumbani ikipoteza pakiti, cheki MTU

Ping (ujumbe mfupi wa kupima mtandao) ndogo inapita vizuri, lakini kurasa nzito na mafaili makubwa yanakwama njiani? Mara nyingi hapo pakiti, yaani vipande vya data, ni kubwa kuliko MTU, ukubwa wa juu wa pakiti unaopita njiani. Zima VPN, kisha piga ping kwenye seva yako ya VPN huku ukizuia pakiti zisikatwe: Linux ni ping -M do -s 1472, Windows ni ping -f -l 1472, halafu anwani ya seva. Ikigoma, punguza namba mpaka ipite. Kwenye namba hiyo jumlisha 28, hiyo ndiyo MTU ya njia. Kama VPN yako ni ya WireGuard toa 80, uweke jibu kama MTU ya VPN pande zote mbili, kwenye kompyuta na kwenye seva.

Ila kama hata ping ndogo zinapotea VPN ikiwa imezimwa, achana na MTU. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya upime tena. Mimi huanza kuishuku Wi-Fi.