Namna ya kumjibu jirani anayeamini kuwa maji ya chumvi ni mafuta

Bei ya petroli inapopanda hapa Moshi, haichukui muda kabla mtu hajakuonyesha kwenye simu video ya maji ya chumvi yanayowaka. Usianze kwa kumwambia kwamba ni uongo, kwa sababu moto ule ni wa kweli: John Kanzius wa Erie, Pennsylvania, aliuonyesha mwaka 2007, na Profesa Rustum Roy, mtaalamu wa kemia nchini Marekani, aliuthibitisha. Ukikana alichokiona kwa macho yake, hatakusikiliza tena.

Mweleze kwanza kilichoungua. Mawimbi ya redio, ambayo Kanzius aliyatumia akitafuta tiba ya saratani iliyokuwa ikimsumbua mwenyewe, yaliachia hidrojeni kutoka kwenye maji, nayo ndiyo iliyoshika moto.

Kisha mwonyeshe kwa vitendo, mkiwa barazani penye hewa. Koroga kijiko cha baking soda katika glasi ya maji. Chumvi ya mezani iacheni, kwa kuwa hutoa gesi ya klorini inayochoma koo. Chonga penseli mbili, kila moja ncha zake zote mbili, zitumbukize zisigusane, halafu ziunge kwa nyaya na betri ya volti 9. Kwenye penseli ya upande wa hasi vitapanda vipovu vyembamba, vingi kuliko vya upande wa pili: hiyo ndiyo hidrojeni. Msiiwashe. Chomoa waya mmoja, naye ataona vipovu vinakoma palepale, kwa kuwa nishati inatoka kwenye betri, si kwenye maji.

Hapo mfanyie hesabu ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ambayo kila mwenye nyumba anaielewa. Kutenga kilo moja ya hidrojeni kwa umeme hula uniti zipatazo 50, ilhali kilo hiyo ikiungua hurudisha takriban 33 za kutumika, na hakuna mtambo utakaorudisha zaidi ya ulichokula, kwani kinachobaki baada ya moto ni maji yaleyale.

Wapo watakaosema kwamba kampuni za mafuta zimeuficha uvumbuzi huu. Msikilize kwa heshima, hasa akiwa mzee wako, kisha mrudishe kwenye waya uliochomolewa. Kuwa makini zaidi akitaka kununua kifaa cha kutenga hidrojeni ya maji cha kupachikwa kwenye gari, maana kifaa hicho huchota umeme wa altaneta, jenereta ya gari, inayozungushwa na petroli ileile anayotaka kuiokoa, na fedha ya ada ya mtoto inaweza kuteketea hapo. Mshauri amtake muuzaji akiwashe bila betri wala umeme wa ukutani, mbele yake, kabla hajatoa hata shilingi.